Sanamu iliyoamka usiku: hadithi ya Newala ya kumsimulia mwanao

Mtoto wa miaka sita anayekulia Newala mjini ana vitu vya kawaida machoni pake. Kuna stendi, kuna bodaboda zinazosubiri abiria kivulini, kuna duka la vocha, kuna mikorosho inayoanzia nyuma ya nyumba ya mwisho na kuendelea mpaka macho yachoke. Jumatatu anavaa sare anakwenda shule. Mji kama miji mingine.

Ila si mbali na mji huo, ardhi inakatika ghafla. Ukingo huo wenyeji wanauita Shimo la Mungu. Ukisimama pale, uwanda wa juu umeishia miguuni pako, na chini bonde linanyooka kuelekea Mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Mtoto akifikishwa pale mara moja tu, anarudi nyumbani na maswali ya wiki nzima. Nani alilichimba? Chini kuna nini? Mtu akidondoka anafika lini?

Vitabu na katuni za siku hizi vimejaa watoto wa kawaida wanaogundua kabati, kisima au stesheni ya treni yenye mlango wa kuingilia dunia nyingine. Watoto wanazipenda, na hakuna ubaya. Lakini mtoto wa Newala au Masasi ana mlango wake mwenyewe, tena wa bure, na mara nyingi wazazi wake ndio wameusahau.

Hadithi yenyewe inaanzia Mahuta, ambayo leo iko wilaya ya Tandahimba. Zamani sana, wakati uwanda wote ulikuwa pori tupu, alitokea kiumbe mmoja peke yake. Hakuwa ameoga wala kunyoa tangu azaliwe, kama alizaliwa. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Siku moja akachukua gogo akalichonga, akalipa kichwa, mikono na miguu, akalibeba hadi alipokuwa akilala, akalisimamisha wima. Usiku ule sanamu ikaamka. Ilikuwa mwanamke.

Wakashuka wawili hao hadi Ruvuma kuoga. Huko bondeni mwanamke akajifungua, na mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, wakavuka nchi ya juu, wakateremka bonde la Mbwemkuru upande wa kaskazini. Akajifungua tena, na mtoto wa pili naye hakuwa na uhai. Basi wakapanda kurudi kwenye pori la Mahuta, juu, mbali na mito. Mtoto wa tatu akazaliwa huko, akalia, akanyonya, akakua. Baada yake wakaja wengine wengi, na hao ndio mababu wa Wamakonde. Yule baba akawaachia wanawe agizo: msijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na kifo. Jengeni mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji, na watoto wenu watakua.

Kisa hicho kimo katika maandishi ya Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, ambaye mwaka 1906 alitoka Lindi kwa miguu akapitia Masasi na kukaa Newala kwa wiki kadhaa. Alikuwa na kamera, alikuwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, na aliwagawia watu karatasi na penseli wamchoree chochote wanachotaka. Yapo mengi ya kumlaumu, kwa kuwa aliwatazama wenyeji kwa jicho la mkoloni wa wakati wake, na ardhi hii ilikuwa bado na majeraha ya vita vya Maji Maji. Hata hivyo kisa alikiweka kwenye maandishi yake, na kwa sababu hiyo kinaweza kusomwa leo na mzazi ambaye bibi yake hakuwahi kumsimulia.

Kwa nini kisa hiki kiwe kwenye ukurasa wa familia, tena chini ya mwandishi wa afya? Kwa sababu ndani yake kuna watoto wawili waliokufa.

Hakuna aliyenyooshewa kidole

Kisome tena taratibu. Mwanamke amepoteza mtoto wa kwanza, kisha wa pili. Katika nyumba nyingi za leo, hapo ndipo maneno yangeanza. Mwanamke ana mkosi. Mama mkwe kafanya jambo. Jirani yule mwenye macho mekundu anaonekana usiku. Mume angeshauriwa aoe mwingine.

Kwenye kisa cha Mahuta hakuna hata moja ya hayo. Mume hamfukuzi mke. Hamtafuti mchawi, ingawa ni hadithi ambayo gogo limegeuka mtu na ingekuwa rahisi kabisa kumweka mchawi humo. Wanatazama mahali walipo, wanasema hapa hapafai, wanafunga safari pamoja. Wakikosea mara ya kwanza, wanajaribu tena. Kwa hadithi ya kale, huo ni utulivu wa ajabu.

Na ndani ya agizo lile kuna akili. Mabonde yenye maji yaliyotuama ni makazi ya mbu. Sayansi ilikuja kuthibitisha mwaka 1897, pale daktari Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India. Mjamzito akipata malaria, vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mahali mtoto anapopatia chakula na hewa. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa mfu. Waliotunga kisa cha Mahuta hawakujua habari ya kondo wala vimelea. Walijua kwamba wanawake waliokaa chini walizika zaidi.

Ila mzazi asitoke hapo akaamini kwamba kuishi juu kunatosha. Uwanda wa Makonde haufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kimo hicho hakimzuii mbu. Malaria ipo Newala, ipo Masasi, ipo Tandahimba. Mjamzito wa leo anahitaji chandarua chenye dawa kila usiku, na vidonge vya SP anavyopewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, akivimeza palepale mbele ya mhudumu, kisha kurudi kila anapopangiwa. Kliniki hiyohiyo hupima shinikizo la damu, wingi wa damu na kaswende, mambo mengine matatu yanayoweza kumuua mtoto tumboni huku mama akijiona mzima.

Na agizo la babu lilikuwa na gharama. Udongo wa uwanda huu ni kichanga. Mvua ikinyesha, maji yanazama na kwenda kutokea chini ya miteremko. Kuishi saa nzima kutoka kwenye maji maana yake mtu fulani ateremke na kupanda na ndoo kichwani, na mtu huyo kwa vizazi alikuwa mama au binti. Leo yapo mabomba ya mradi wa maji wa Makonde, yapo matangi ya kuvunia mvua kwenye nyumba nyingi, lakini shida haijaisha. Tangi nalo lifunikwe. Likiachwa wazi, mbu aliyekimbiwa bondeni anakuwa amekaribishwa uani.

Mtoto anapouliza juu ya ndugu aliyekufa

Nyumba nyingi zina mtoto ambaye jina lake halitajwi. Alizaliwa akafa, au hakulia kabisa, na wakubwa wakaamua wadogo wasiambiwe. Wadogo wanajua. Waliona tumbo la mama likikua, waliona wanawake wamejaa ndani na milango imefungwa, waliona mama karudi mikono mitupu.

Mtoto wa miaka minne au mitano ana tabia ambayo wataalamu wa makuzi wameieleza mara nyingi: anaamini mawazo yake yanaweza kufanya jambo litokee. Kama aliwahi kusema "simtaki huyo mtoto", na mtoto akafa, anaweza kubaki miezi mingi akiamini yeye ndiye aliyemuua. Hasemi. Anakojoa kitandani ilhali alishaacha, anagoma kula, anamng'ang'ania mama kama kupe.

Hapa kisa cha Mahuta kinafanya kazi ambayo maswali ya moja kwa moja hayafanyi. Ukimsimulia, ukafika kwa mtoto wa kwanza asiyelia, nyamaza kidogo. Mwache aulize. Huenda akauliza, "Kama wa kwetu?" Jibu ni "Ndiyo, kama wa kwetu." Kisha mwambie bila kuzunguka: mwili wake haukufanya kazi, alikufa, na si kwa sababu ya kitu ulichosema au kufikiri wewe.

Neno "alikufa" linawatisha wazazi, na wengi huchagua "amelala" au "amesafiri". Nia ni njema, matokeo siyo. Mtoto aliyeambiwa ndugu yake amelala akazikwa ana sababu nzuri ya kuogopa kulala. Aliyeambiwa amesafiri atamgoja, na baba akipanda basi la Mtwara kesho yake, atapiga kelele stendi nzima isikie.

Sehemu nyingine za kisa, kama agizo la babu kuhusu namna ya kuzika wafu, zinaweza kungoja mpaka mtoto akue.

Uongo njoo

Wapo wazazi wanaoogopa hadithi za namna hii kwa sababu ya dini, na wapo wanaoogopa mtoto ataota ndoto mbaya. Hofu ya pili ina ukweli ndani yake. Kati ya miaka mitatu na sita, mpaka kati ya kweli na kisichokuwapo bado ni mwembamba, na kuogopa giza, zimwi au kinyago ni sehemu ya kukua. Kwa wengi hupungua wakishaanza shule na kuzoea kuuliza, "Lakini ni kweli?"

Wazee walilijua hilo na wakalitengenezea mlango. Msimulizi anasema "Hadithi, hadithi!" na watoto wanaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mtoto mwenyewe ndiye anayeuita uongo uje. Kabla simba hajasema na sungura, kabla gogo halijapumua, ameshaambiwa, na amejiambia kwa mdomo wake, kwamba sasa tunaingia mahali pa mambo yasiyokuwa. Hadithi ikiisha, msimulizi anasema imeishia hapo, na mlango unafungwa. Mtoto analala.

Masasi ina habari yake katika jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika chini ya yale majabali yanayouzunguka mji, akiwa na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, na kikaanzishwa kijiji cha misheni. Steere huyohuyo alikuwa amechapisha London mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Zanzibar, kikiwa na kisa cha punda wa dobi, kile cha kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Padri aliyejenga misheni hakuona dhambi kukesha akiandika maneno ya kima. Mzazi mwenye wasiwasi wa dini anaweza kulitafakari hilo.

Kuna hadithi, hata hivyo, zinazosimuliwa bila mlango. Hazina "uongo njoo". Zinasemwa mchana, kwa sauti ya kawaida, na mtu mzima anayeaminika. Hizo ndizo za kuogopa.

Ya kwanza ni ya kila siku: "Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Au, kwa watoto wa uwandani, "Vinyago vitakuja kukuchukua." Vinyago vya jando ni vitu vya heshima, vina msimu wake na wenyewe wake. Mtoto akivikimbia huku anacheka, akajificha nyuma ya kanga ya mama na kuchungulia, hiyo ni furaha na hofu pamoja, na haina madhara. Kumtishia navyo kila akikataa uji ni jambo jingine. Na mtoto aliyefundishwa kwamba daktari ni adhabu atakuja kupelekwa zahanati akiwa na homa kali, atapigana, na mhudumu atashindwa hata kumpima.

Ya pili inaua. Pwani na kusini, watu wengi wamekuzwa wakiamini kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku au na shetani anayempitia mtoto, na jina lenyewe linamtaja ndege. Mtoto anakaza viungo, macho yanageuka, povu linatoka. Kwa macho ya mzazi inafanana kabisa na kitu kilichomvamia. Katika imani hiyo kuna tawi baya zaidi, kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga. Saa zinapita. Kama chanzo ni malaria iliyopanda kichwani, saa hizo ndizo za kumwokoa.

Degedege nyingi za watoto wadogo hutokana na homa inayopanda haraka, na nyingi hukoma zenyewe ndani ya dakika chache. Lakini hakuna mzazi anayeweza kujua kwa macho ipi ni ya homa tu na ipi ni malaria kali au uti wa mgongo. Mlaze mtoto kwa ubavu, mahali asipoweza kujigonga. Legeza nguo. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie dawa wala maji, usimfukize. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku huohuo, kwa bodaboda kama ndiyo iliyopo. Kituoni atapimwa malaria kwa tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Kama ni kali, ile sindano inayoogopwa ndiyo tiba yake.

Bibi aliyeamini habari ya ndege hakuwa mjinga. Aliona mtoto akitikisika, akataka kujua kwa nini, na hilo ndilo jibu lililokuwapo. Kumdharau mbele ya wajukuu hakusaidii kitu. Atanyamaza, na usiku wa dharura atafanya anavyojua. Afadhali aombwe yeye ndiye amshike mtoto kwenye bodaboda.

Mashetani wa Lilanga

Kwa mtoto ambaye tayari anaogopa, lipo jambo ambalo mtu wa kwao aliligundua zamani. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, akajifunza kuchonga kama Wamakonde wengi, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Alipata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, na si muda akawa miongoni mwa wasanii wake. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani.

Lilanga alichora mashetani. Lakini mashetani wake wana masikio makubwa kama majani ya mgomba, matumbo ya mviringo, vidole vichache na rangi za kanga mpya, na wanafanya shughuli za watu: wanapiga soga, wanabebana, wanacheza ngoma, wanakwenda hospitali. Ni mtaa wa kawaida kabisa, isipokuwa wakazi wake. Mtoto akionyeshwa picha zake kwenye simu, mara nyingi anacheka kabla hajakumbuka kuogopa. Miaka yake ya mwisho kisukari kilimfanya akatwe miguu, naye akaendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 2005.

Mzazi anaweza kufanya hivyohivyo jioni ya leo, bila gharama zaidi ya penseli na upande wa nyuma wa daftari la zamani. Mwombe mtoto achore kile kinachomtisha usiku. Asisahihishwe, asichekwe. Akimaliza, muulize kinakula nini, kinalala wapi, mama yake ni nani, kinaogopa nini. Maswali haya yanamhamisha mtoto kutoka kwa anayewindwa kwenda kwa mwenye mali, maana sasa yeye ndiye anayekijua kitu hicho kuliko mtu yeyote. Hofu ikiendelea kwa wiki nyingi, ikamzuia kulala, kula au kwenda shule, au ikianza baada ya tukio baya ambalo mtoto hataki kulisema, hapo penseli haitoshi; aonwe na mhudumu wa afya au ofisa ustawi wa jamii, na wa kwanza kuulizwa pasiwe na mtu anayemwogopa chumbani.

Lakini kwa wengi penseli inatosha. Zimwi la chini ya kitanda linaongezewa masikio. Linavalishwa sare ya shule. Kisha linapakiwa kwenye bodaboda, mshikaki, watatu pamoja na dereva, likipanda kutoka Masasi kwenda Newala huku limeshikilia kofia lisipeperuke, na mtoto anataka kujua nauli yake atalipa nani.